Paa Halikosei Peke Yake

Paa ndilo hulaumiwa kwanza. Mchora ramani amesimamisha kuta, amepachika milango na madirisha, nyumba imeanza kupendeza kwenye skrini. Akifika juu, mambo yanagoma. Upande mmoja wa paa unajaa vizuri, wa pili unabaki tundu. Anafuta, anarudia. Anapunguza mwinamo, anauongeza. Mwisho anavuta mstari kutoka kona hadi kona, tundu linazibika kwa pembetatu mbili, naye anaendelea na rangi ya bati. Kwa mbali hakuna atakayeuona mstari ule. Fundi wa paa atauona, tena akiwa ameshakata mbao.

Faili ninalolichambua hapa ni la nyumba ya ghorofa moja, urefu mita 12 na upana mita 9, iliyochorwa kwa SketchUp kwa ajili ya kiwanja chenye mteremko pembezoni mwa Dar es Salaam. Programu hiyo ilitoka Boulder, Colorado, mwaka 2000. Google waliinunua mwaka 2006 wakaanza kutoa toleo la bure, na mwaka 2012 ikahamia kwa Trimble. Nadhani ni lile toleo la bure lililowazoesha wachoraji wengi, maana hata waliohamia ArchiCAD au Revit bado wana tabia walizoanza nazo huko.

Kasoro zilikuwa nne. Paa halikufunga. Kuta zilitetemeka kila ulipozisogelea. Ngazi haikufika juu. Na sakafu ya chini ilikuwa ikimetameta, mara vigae, mara majani. Mchoraji aliziona kama kasoro nne zisizojuana, akazitafutia dawa nne. Mimi nasema zote zilikuwa na mzazi mmoja: kuna mambo programu iliambiwa mapema, au haikuambiwa kabisa, na ikatii.

Tuanze na paa, kwa kuwa hesabu yake ni nzuri. Paa la miteremko minne yenye mwinamo sawa lina kanuni isiyo na huruma. Kuta mbili ndefu zikiwa sambamba, kilele kinalala sawasawa. Zikiachana hata kidogo, kilele hakina budi kupanda kuelekea kule kulikopanuka, kwa sababu mteremko unaoanzia mbali zaidi, kwa nyuzi zilezile, hufika juu zaidi kabla ya kukutana na mwenzake. Katika faili hili upana wa nyumba ulikuwa mita 9.00 upande mmoja na mita 9.04 upande wa pili. Hakuna aliyeandika 9.04. Ukuta ulivutwa kwa kipanya badala ya kuandikiwa kipimo, ukanasa kwenye nukta jirani, na kwa kuwa vipimo vilikuwa vimewekwa visomeke kwa desimali moja, skrini ikaandika 9.0 pande zote mbili.

SketchUp ina namna ya kukiri jambo hili. Kipimo kisicholingana na tarakimu zinazoonyeshwa huwekewa alama ya kiwimbi mbele yake. Wengi huiona alama hiyo kila siku na hawaiulizi. Ukipandisha usahihi hadi desimali za mwisho, uwongo wote wa ramani unajitokeza mara moja. Njia ya pili hata haihitaji mipangilio, na mafundi wa msingi wanaijua kuliko sisi: pima kona kwa kona. Nyumba ya 12 kwa 9 ina bahati ya kuwa ile 3, 4, 5 ya fundi ikizidishwa mara tatu, kwa hiyo mstari wa kona kwa kona lazima uwe mita 15 kamili, pande zote mbili. Hapa mmoja ulikuwa 15.000 na wa pili 15.024. Milimita 24 hizo ndizo zilizokuwa zimekaa chini ya paa zikisubiri.

Zinafanya nini zikifika juu? Kwa mwinamo wa nyuzi 25, kilele cha paa hili kina urefu wa takriban mita 3, na ncha zake mbili zinatofautiana kimo kwa kama milimita 2. Mchoraji alichora kilele kilicholala kabisa, kisha akakiunganisha na pembe za chini. Hapo uso wenye pembe nne ulidaiwa kupita kwenye nukta ambazo haziko kwenye bapa moja, jambo lisilowezekana. Programu hii huhesabu nukta mbili kuwa moja zikiwa zimekaribiana kwa sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254. Milimita 2 kwake ni pengo kubwa, zaidi ya mara 70 ya hapo. Kwa fundi milimita 2 si kitu. Ataikalia kwa nyundo. Ndiyo maana mchoraji akiulizwa husema kompyuta inasumbua kwa mambo madogo, na fundi akiulizwa husema ramani haina tatizo, na wote wawili wanasema kweli.

Lakini hebu tugeuze jambo. Tuseme msingi ulishamwagwa, mtu akaenda na futi kamba akarudi na 9.00 na 9.04, kwa sababu kamba ya fundi ililegea siku ile. Sasa zile sentimita 4 ni ukweli wa kiwanjani, na kuzinyoosha kwenye faili ni kuchora nyumba isiyokuwepo. Nimeona wachoraji wakisafisha vipimo vya namna hii kwa nia njema, halafu kabati la jikoni likakataa kuingia. Ukuta uliokwisha kujengwa uchorwe ulivyo. Kinachopaswa kunyooka ni paa, na paa halilazimiki kufuata ukuta.

Hapo ndipo amri za paa la kujitengeneza zinapowaponza watu. Programu nyingi zina kitufe cha kujenga paa kutokana na kuta: unachagua kuta, unaandika mwinamo na urefu wa kitako, linasimama lenyewe. Kwa kuta zilizonyooka ni raha. Kwa kuta zilizopinda, paa linarithi upindaji wote. Dawa ni kuchora mstatili wa kingo za paa peke yake, mita 13.2 kwa 10.2 katika nyumba hii, ukauweka juu ya kuta, na paa likajengwa juu ya mstatili huo. Kitako kitakuwa sentimita 60 upande mmoja na 56 upande mwingine, fasha bodi itapita imenyooka, na jicho la mpita njia halitagundua. Fundi mzuri wa kenchi hufanya hivyohivyo kwa kamba yake bila kumwambia mtu. Faida yake kwenye faili ni kwamba eneo la bati litakalohesabiwa ni la paa halisi, wala si la pembetatu za kuzibia matundu.

Ukuta nao una fitina yake, na hii ni zaidi kwa wale wa ArchiCAD na Revit, ambako ukuta ni kitu chenye unene, si nyuso mbili zilizovutwa. Kila ukuta huchorwa kwa kufuata mstari wa rejea: unaweza kuwa katikati ya ukuta, uso wa nje, au uso wa ndani. Kwenye skrini tofauti haionekani, hadi mwenye nyumba abadili mawazo. Tofali la inchi 6 likisimamishwa hutoa ukuta wa takriban milimita 150. Likilazwa, ukuta unakuwa takriban 230, bila lipu. Mwenye nyumba akisema kuta za nje zilazwe, mchoraji anabadili unene kwa kubofya mara moja. Kama mstari wa rejea ulikuwa uso wa nje, kila chumba kinapoteza milimita 80 upande huo. Kama ulikuwa katikati, nyumba inavimba milimita 40 nje na 40 ndani, na ile 12 kwa 9 haipo tena. Na kama baadhi ya kuta zilifuata katikati na nyingine nje, kwa kuwa zilichorwa siku tofauti, kona zinaachana na paa, bila shaka, linagoma tena. Wengi wanaokuja na tatizo la paa la ArchiCAD huwa wana tatizo hili.

Wakati mwingine kona haziungi ingawa mistari ya rejea imekutana barabara. Kabla ya kuzichora upya, angalia leya. Katika ArchiCAD kila leya ina namba ya makutano, na kuta zilizo katika leya zenye namba tofauti haziungani hata zikipitana katikati. Ni kipengele kizuri kwa anayekijua. Kwa asiyekijua ni jioni nzima imepotea.

Sasa kutetemeka. Hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu linatuhusu sisi tulio kusini ya ikweta kuliko wengine, na mara nyingi lawama huangukia kadi ya picha au umri wa laptopu.

Mpima ardhi alimpa mchoraji faili la kiwanja likiwa na koordineti zake halali za UTM. Katika mfumo huo, upande wa kusini, ikweta hupewa thamani ya mita 10,000,000, na hesabu hushuka kadiri unavyokwenda kusini, ili pasiwe na namba hasi. Kwa hiyo kiwanja cha Dar es Salaam huwa na namba kama 531,000 kwa mashariki na 9,248,000 kwa kaskazini. Mchoraji akaliingiza faili lilivyo na kujenga nyumba palepale. Kwa programu, nyumba hiyo ilikuwa imesimama zaidi ya kilomita 9,000 kutoka nukta sifuri.

Ndani ya faili, programu huhifadhi vipimo kwa tarakimu takriban 15, na hapo hakuna shida. Shida ni pale picha inapopelekwa kwenye kadi ya picha, ambayo kwa kawaida huchora kwa tarakimu kama 7 tu. Namba milioni 9 na ushee, ikiandikwa kwa usahihi huo, haina nafasi ya nusu mita: kati ya 8,388,608 na 16,777,216, hatua ndogo kabisa inayowezekana ni mita 1 nzima. Ukuta wa milimita 150 haupo katika ulimwengu huo. Kadi ya picha inakadiria kila kona kwa nukta iliyo karibu, na ukisogeza jicho kidogo makadirio yanabadilika, kuta zinacheza. Mara nyingine nusu ya nyumba hukatika kabisa unapoisogelea.

Mchoraji wa Kampala hapati adhabu ileile. Jiji lake liko kaskazini kidogo tu ya ikweta, namba ya kaskazini inaanza na sifuri pale ikweta, kwa hiyo namba yake kubwa ni ile ya mashariki, kwenye laki nne na hamsini hivi, na hatua ndogo kabisa hapo ni kama sentimita 3. Naye ataona mtetemo, lakini wa sentimita. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wote wako juu ya milioni 9. Ushauri wa kwamba umbali wa kiwanja kutoka sifuri si jambo kubwa unaweza kuwa wa kweli kwa aliyeuandika na wa hasara kwa aliye hapa.

Dawa ni kuhamisha kiwanja kabla hakijaingia kwenye modeli, si baada. Chagua bikoni moja, andika koordineti zake kamili pembeni, kisha sogeza mchoro wote ili bikoni hiyo ikae kwenye sifuri, ukiwa bado kwenye AutoCAD au programu yoyote inayosoma faili la mpima. Revit na ArchiCAD zina nafasi maalumu ya kutunza koordineti halisi bila kuipeleka nyumba huko, na zitumike. Namba zile zisitupwe: kuna siku nyumba itarudishwa juu ya ramani ya mipango miji, na hapo ni vizuri pia kuuliza vipimo vilichukuliwa kwa Arc 1960 au WGS 84, kwa sababu mifumo hiyo miwili hutofautiana kwa mamia ya mita. Nyumba nzuri inaweza kuangukia kwa jirani wa mtaa wa pili.

Baada ya kuhamisha, tafuta mabaki. Ukiamuru programu ionyeshe kila kitu kilichomo na nyumba ikawa kinukta kwenye kona ya skrini, ujue kuna kitu kimebaki mbali: jina la mpima, mshale wa kaskazini, mstari mmoja uliosahaulika. Kifutwe. Mstari huo mmoja unatosha kuirudisha ile mitetemo.

Vizio havihitaji maneno mengi. Mchoro wa milimita ukisomwa kama inchi, nyumba ya mita 12 inakuwa mita 304.8. Mchoro wa mita ukisomwa kama milimita, nyumba inakuwa ndogo kama kifungo cha shati, na mchoraji anasema faili halijaingia wakati limeingia na liko palepale. Pima kitu kimoja unachokijua, mlango kwa mfano, kabla hujachora mstari wowote.

Ngazi ilikuwa fupi kwa milimita 200, na hapa hakuna siri ya kompyuta. Mchoraji alipiga hesabu kutoka sakafuni hadi dari, mita 3.00, akagawa kwa hatua 18 za milimita 166.7. Akasahau kwamba mtu hapandi kwenda darini. Anapanda kwenda kwenye sakafu ya juu, na katikati kuna jamvi la milimita 150 na milimita 50 za sakafu na vigae. Hatua ya mwisho ingekuwa karibu sentimita 37, inayotosha kumwangusha mzee. Alichofanya ni kuinyanyua ngazi yote kwa milimita 200, kasoro ikashuka chini, mahali ambapo kamera ya picha zake haikufika. Hesabu sahihi ni mita 3.20, hatua 19 za milimita 168.4. Ila hatua moja zaidi ina maana ya kikanyagio kimoja zaidi, sentimita 28 hivi za urefu, na sentimita hizo zilikula mlango wa stoo uliokuwa chini ya ngazi. Ilibidi mpango wa chini ubadilike. Kwangu hiyo ni habari njema. Mlango wa stoo unahama bila gharama wakati bado ni mistari.

Ilibaki sakafu inayometameta. Nyuso mbili zikikaa kwenye kimo kimoja, kadi ya picha haina njia ya kujua ipi iko mbele. Inachagua hii hapa na ile pale, na ukisogea inabadili uamuzi. Mchoraji aliinyanyua sakafu kwa milimita 1. Ukiwa karibu, ilitulia. Ukirudi nyuma ili uione nyumba nzima, ilianza upya, kwa sababu uwezo wa kadi kutofautisha kilicho mbele na kilicho nyuma hupungua kadiri kitu kinavyokuwa mbali.

Hapa ningependa kusimama kidogo, kwa sababu milimita 1 hiyo inaficha kitu kikubwa kuliko mmeto. Kwa nini sakafu ya nyumba ilikuwa kwenye kimo kimoja na ardhi? Hakuna nyumba inayokaa hivyo. Kuna msingi, kuna kifusi kilichoshindiliwa, kuna jamvi juu yake. Sakafu ilikuwa sifuri na ardhi ilikuwa sifuri kwa sababu hakuna aliyekuwa ameamua sakafu ikae wapi. Kiwanja kina mteremko. Tuseme kinashuka mita 1 katika kila mita 10. Katika upana wa mita 9 hiyo ni sentimita 90 za tofauti, karibu kozi nne za tofali upande wa chini zaidi ya upande wa juu. Ni fedha, ni tofali, ni kifusi, ni ngazi za nje ambazo hazikuwa kwenye ramani kabisa. Tulipoingiza kontua za mpima, tukakata ardhi pale nyumba inapokaa, tukapandisha sakafu ikawa milimita 450 juu ya ardhi upande wa juu, mmeto ulikwisha wenyewe. Hakuna aliyeutibu.

Kuhusu nyuso zilizogeuka nitasema machache. SketchUp huonyesha mbele ya uso kwa rangi nyeupe na nyuma kwa rangi ya kijivu cha samawati. Ndani ya programu pande zote mbili hupokea rangi, kwa hiyo huoni hatari. Ukiipeleka modeli kwenye Unreal Engine na zinazofanana nayo, nyuma ya uso haichorwi kabisa isipokuwa uamuru, na ukuta unageuka dirisha. Ondoa rangi zote kwa muda, tazama nyumba ikiwa nyeupe tupu, geuza kila kilicho samawati, ndipo upake. Ukianza na rangi utageuza nyuso ukiwa umechelewa, na vigae vitakuwa vimeelekea pande nne.

Na makochi. Mtu anapakua kochi moja la kupendeza kutoka maktaba ya bure, hajui kwamba limechorwa uzi kwa uzi, na faili linakuwa zito kuliko nyumba. Vitu vilivyofutwa navyo hubaki kwenye orodha ya ndani ya faili hadi uamuru visivyotumika visafishwe. Weka kila kitu ndani ya kundi lake, kuta kundi moja, jamvi jingine, paa jingine, kwa sababu kwenye SketchUp mistari iliyo nje ya makundi hushikana na jirani yake, na ukisogeza dirisha ukuta unafuata.

Faili likishafika hapo na bado linasumbua, fungua jipya tupu, nakili makundi moja baada ya jingine, na baada ya kila moja izungushe nyumba uitazame. Kundi bovu litajitambulisha lenyewe. Yote yakinakiliwa salama na skrini ikaendelea kucheza, hapo ndipo uanze kuzungumza habari za kadi ya picha.